Bustani kubwa wakati wa vuli Uingereza: maswali ninayoulizwa kila mwaka

Huu ni msimu wangu wa kumi na moja nikitunza bustani ya jumba la zamani kusini mwa Uingereza. Kuna matuta ya maua, bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta wa matofali, miti mikubwa kuliko umri wa mtu yeyote na ukoka usioisha. Kila Septemba wanakuja vijana wapya, baadhi yao kutoka kwetu Afrika Mashariki, na maswali ni yale yale. Wengine huniuliza kwa simu kutoka bustani nyingine walikopata kazi. Nimeyakusanya hapa ili mtu asome kabla ya kushika beleshi.

## Kwa mwenye kuanza

1. Vuli mnayoisema huko ni ile ile ya kwetu?

Hapana, na neno hili limewachanganya wengi. Kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na zikishaanza watu wanakimbilia shambani kwa sababu kila kitu kinaota. Huku tunaitumia kwa majira ya Septemba hadi Novemba, majani yanapopukutika, siku zinapofupika na ardhi inapopoa taratibu kuelekea baridi kali. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na mwanzoni mwa Novemba jua huzama kama saa kumi na nusu jioni. Panga kazi zako kwa mwanga huo. Usiache shimo wazi ukidhani utalimalizia baada ya chai ya jioni, maana chai ya jioni inanywewa gizani.

Kinachofanana ni kimoja: vuli zote mbili ni majira ya kupanda.

2. Kwa nini tupande wakati kila kitu kinaonekana kufa?

Kwa sababu kinachokufa ni cha juu. Udongo umekusanya joto la miezi mitatu ya kiangazi na unachelewa kupoa kuliko hewa. Mvua zimerudi. Mti uliodondosha majani haupotezi maji mengi, kwa hiyo nguvu zake zinakwenda kwenye mizizi. Ukipanda Oktoba au Novemba, mmea una miezi kadhaa ya kujishikiza kabla jua la Mei halijaanza kuudai maji. Ule uliopandwa Aprili unadaiwa majani, maua na mizizi kwa mpigo, na wewe utazunguka na mpira wa maji hadi Agosti.

Ninachowaambia wapya ni hiki: msimu huu mwajiri wako ataangalia majani kwenye njia, lakini kazi yenyewe iko chini ya udongo. Anayetumia vuli nzima kufagia atakuwa na bustani safi Desemba na bustani tupu Mei.

3. Nianze na lipi, kazi zote zikija pamoja?

Fuata joto. Kazi zinazohitaji udongo wenye joto zitangulie: Septemba, kurekebisha ukoka na kupanda mbegu zake, kumaliza kukata nyua za Taxus (yew kwa Kiingereza), kupanda vitunguu vya dafodili (vya maua, si vya kula). Oktoba, kugawanya mimea ya kudumu iliyojaa, kung'oa maua ya kiangazi na kupanda ya majira ya kuchipua, kuingiza ndani vyote visivyostahimili baridi. Novemba, tulipu, miti na waridi zenye mizizi mitupu. Majani yanafagiwa katikati ya hayo yote, wala hayana siku yake.

Mkichelewa, acheni kufyeka. Maua makavu yanasubiri hadi Februari bila malalamiko, lakini mbegu za ukoka zilizomwagwa mwezi Novemba ni chakula cha njiwa.

4. Lazima niyajue majina ya Kilatini?

Ya mimea unayoigusa, ndiyo. Mimea mingi ya huku haina jina la Kiswahili, na hata majina ya Kiingereza yanatofautiana kijiji kwa kijiji. Kibao kilichoandikwa Taxus hakibishaniwi na mtu. Jifunze matano kwa wiki. Kufikia Krismasi utakuwa unasahihisha wenyeji.

## Kupanda

5. Vitunguu vya maua vinapandwa lini, na kina kiasi gani?

Kanuni ya kina ni mara mbili hadi tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe. Ncha iangalie juu. Tulipu tunazishusha sentimita 15 hadi 20, na zikienda chini zaidi kidogo hazilalamiki. Zikipandwa juu juu huchanua mwaka mmoja na kukata tamaa.

Tarehe ndiyo inayowakosesha watu. Dafodili zinaanza kutoa mizizi mapema, kwa hiyo ziende ardhini Septemba, au Oktoba ikibidi. Tulipu zisubiri Novemba, kwa makusudi kabisa. Kuna kuvu iitwayo Botrytis tulipae, inayoyachoma majani ya tulipu hadi yaonekane kama yamepitiwa na moto. Ardhi ikishapoa hatari yake inapungua. Kijana mmoja alinifuata Septemba na boksi zima la tulipu mkononi, ameshafanya hesabu ya mistari. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ziweke mahali pakavu penye hewa, nenda kapande dafodili." Alinuna, ila akaelewa.

Vaa glavu. Utomvu wa dafodili unawasha ngozi, na anayeshika mamia kwa siku ataujua usiku anapotaka kulala.

Mpangilio wa asili kwenye nyasi hupatikana kwa kurusha: chota konzi mbili, rusha, panda pale pale zilipoangukia. Utatamani kuzisogeza kidogo zilingane. Usizisogeze.

6. Kindi wanafukua kila ninachopanda. Nifanyeje?

Kindi wa kijivu si wa hapa. Waliletwa kutoka Amerika Kaskazini na kuanza kuachiwa mwaka 1876, sasa wamejaa kila mahali, na wanaipenda tulipu na krokasi kama sisi tunavyopenda korosho. Udongo uliotifuliwa karibuni ndio unaowaita. Shindilia vizuri, fagia maganda ya vitunguu yaliyodondoka, tandika wavu wa kuku juu kisha ufukie kwa udongo kidogo. Machipukizi yatapenya kwenye matundu. Kama eneo ni kubwa mno kwa wavu, panda dafodili: zina sumu na kindi wanajua.

7. "Mizizi mitupu" maana yake nini, na kwa nini msimamizi anapiga kelele kuihusu?

Kuanzia Novemba hadi Machi, mti ukiwa umelala, kitalu kinaweza kuung'oa shambani, kukung'uta udongo na kukuletea bila chungu. Ni rahisi zaidi kwa bei, ni mwepisi kubeba, na mizizi yake haijajizungusha ndani ya chungu kama waya wa simu. Ukitaka kupanda ua la miti 300, hakuna njia nyingine yenye akili.

Kelele ni kwa sababu ya upepo. Mizizi myembamba, ile inayokunywa maji, inakauka kwa dakika chache. Mwaka wangu wa pili niliacha vifurushi vya miche ya ua nyuma ya gari, mfuko umefunguliwa, nikaenda kula. Mchana ulikuwa mzuri, wenye jua na kaupepo. Niliporudi nilipanda yote, ikasimama vizuri tu, na nikapongezwa. Mei karibu nusu ya mstari haikuchipua, na kwa kuwa niliijaza kidogo kidogo miaka iliyofuata, hadi leo ua hilo lina mabonde. Napita hapo kila siku nikienda kuchukua toroli.

Kwa hiyo: mfuko ufungwe muda wote, toa mche mmoja mmoja, na kama hupandi siku hiyo, chimba mfereji, laza miche ndani, fukia mizizi. Itakaa wiki kadhaa bila tabu.

8. Shimo liwe kubwa kiasi gani, na je, nitie mbolea na nguzo ndefu?

Upana mara mbili au tatu ya mizizi. Kina kisizidi mizizi yenyewe. Pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi paonekane juu ya udongo. Miti mingi ya kupandwa hufa kwa kuzikwa: udongo uliotifuliwa chini unashuka, mti unashuka nao, shina linaoza. Huku tunachimba shimo la mraba, ili mizizi ikifika kwenye kona itoboe kutoka badala ya kuzunguka ukuta.

Mbolea shimoni, hapana. Mizizi iliyotengewa mahali patamu haina haja ya kutoka. Weka mboji juu kama matandazo, unene wa sentimita 5 hadi 8, ila isiguse shina.

Nguzo iwe fupi, theluthi moja ya urefu wa mti. Mti unapoyumba na upepo ndipo shina na mizizi vinapokomaa. Ukiufunga hadi shingoni utakuwa kama mtoto asiyewekwa chini. Baada ya mwaka mmoja hadi miwili nguzo iondolewe, na hili ndilo husahaulika: nimekuta mkanda wa mpira umemezwa na gome.

9. Waridi limekufa. Naweza kupanda jingine pale pale?

Jipya hudumaa pale lilipokaa la zamani kwa miaka mingi, hata likiwa zima kabisa. Udongo unakuwa umejaa vimelea vilivyozoea mizizi ya waridi. Tafuta mahali pengine. Ikiwa lazima liwe hapo hapo, labda kwa sababu mpangilio wa bustani ni wa kihistoria, chimba udongo wa kina cha sentimita 45 na upana wa zaidi kidogo, uhamishie kwenye mboga ambako hautamdhuru mtu, na ulete wa huko. Ni toroli nyingi. Ndiyo maana nasema tafuta mahali pengine.

## Majani, ukoka na matuta

10. Majani yote lazima yafagiwe?

Hapana. Yafagie kwenye ukoka, kwa sababu yanaunyima mwanga na kuualika ukungu. Yafagie kwenye vijia, hasa vya mawe, maana jani la mwaloni lililolowa linateleza kama ganda la ndizi. Yatoe kwenye madimbwi kabla hayajazama. Chini ya vichaka na miti, yaache. Ndiyo matandazo ya bure, na humo wanalala wadudu na vyura.

Kuhusu mashine ya kupulizia, maoni yangu yanajulikana. Kwenye changarawe inafaa. Kwenye ukoka uliolowa, mtu mwenye reki pana na turubai anamaliza mapema, na anasikia anachoambiwa.

11. Mboji ya majani inatengenezwaje, na kwa nini isichanganywe na ile nyingine?

Mboji ya kawaida huozeshwa na bakteria, kwa joto, ikigeuzwa. Majani ya vuli huozeshwa zaidi na kuvu, polepole, kwa ubaridi. Ukijaza majani matupu kwenye lundo la kawaida, lundo linalala.

Pigilia nguzo nne, zungushia wavu wa waya, jaza majani, lowesha, kanyaga, sahau. Baada ya mwaka mmoja una matandazo. Baada ya miaka miwili una kitu cheusi, chepesi, kinachonukia msitu baada ya mvua, na hicho ndicho tunachooteshea mbegu. Majani ya mwaloni ni bora. Yale manene, kama ya chestnati, yasage kwanza kwa mashine ya kukatia nyasi, la sivyo mwaka wa tatu utayakuta bado yanajitambua.

12. Chestnati-farasi zetu (horse chestnut) zimekuwa kahawia tangu Agosti. Vuli imewahi?

Siyo vuli. Ni nondo mdogo, Cameraria ohridella, ambaye viwavi wake hula ndani ya jani. Alionekana Uingereza kwa mara ya kwanza 2002. Mti hauonekani vizuri, lakini haufi kwa ajili yake. Anapitisha baridi ndani ya majani yaliyoanguka, hivyo haya ni majani ambayo kweli yanapaswa kuondolewa yote, tofauti na nilivyosema swali la 10.

13. Ukoka unahitaji nini kabla ya baridi?

Septemba, ukiwa bado unakua: parua kwa nguvu kutoa nyasi zilizokufa na kile kijani laini kama sufi kinachopenda kivuli. Utatisha. Mwenye nyumba atachungulia dirishani na kuona uwanja wake umekuwa kama mbwa mwenye upele; mwambie mapema. Kisha toboa, hasa watu wanapopita sana, mashimo ya kina cha sentimita 7 hadi 10. Sambaza mchanganyiko wa mchanga na udongo, ufagie uingie mashimoni, mwaga mbegu. Mbolea iwe ya vuli yenye naitrojeni kidogo. Ile ya majira ya kuchipua italeta majani machanga laini yatakayochomwa na jalidi (umande ulioganda).

Nyasi huendelea kukua mradi joto lizidi nyuzi 5 au 6, kwa hiyo kukata kunaweza kufika Novemba. Inua kisu hadi sentimita 4. Na asubuhi ukoka ukiwa mweupe kwa jalidi, usiukanyage. Kila hatua itabaki kahawia kwa wiki kadhaa, na ukubwa wa kiatu chako utajulikana na wote.

14. Maua yaliyokauka tufyeke sasa au tuache?

Zamani bustani kubwa zilifyeka kila kitu Novemba, tuta likabaki udongo mtupu hadi Machi. Mimi ni wa kuacha. Mabua yanakinga moyo wa mmea na baridi, mbegu zinaliwa na ndege, na asubuhi ya jalidi yanang'aa kuliko yalivyong'aa Julai. Ninafyeka vinavyooza na kugeuka uji, vyenye ugonjwa, na vinavyomwaga mbegu kila mahali. Vingine vyote Februari.

Kugawanya ni sasa. Mmea uliotanuka na katikati pakafa, ung'oe, chomeka uma mbili mgongo kwa mgongo, sukuma zitengane. Tupa katikati, panda vipande vya pembeni.

## Kupogoa

15. Kipi nipogoe vuli na kipi nisikiguse?

Mkasi ukiwa mkononi kila tawi linaonekana refu, kwa hiyo anza na usivyogusa. Plamu na cheri: ukizikata vuli au wakati wa baridi unafungua mlango kwa Chondrostereum purpureum, kuvu inayogeuza majani rangi ya fedha na kuua tawi baada ya tawi. Hizo hukatwa kiangazi. Haidrenjia: acha maua makavu kichwani hadi majira ya kuchipua, yanafunika machipukizi kama kofia. Lavenda: umeshachelewa, ilikuwa Agosti.

Waridi za vichaka unazipunguza theluthi moja mwezi Novemba, ili upepo usiziyumbishe na kulegeza mizizi. Kupogoa kwenyewe ni Februari au Machi. Tufaha na peasi subiri majani yote yaanguke, kisha una baridi nzima. Mzabibu wa kwenye banda la kioo umalizwe kabla Desemba haijaisha. Ukiukata wakati utomvu umeanza kupanda utavuja kama bomba.

Nyua za Fagus (beech kwa Kiingereza) zilipaswa kukatwa Agosti. Zina tabia ya kushikilia majani makavu ya kahawia baridi nzima. Hazijafa. Kila mwaka kuna mtu ananiambia zimekufa.

16. Mabaki ya Taxus naweza kuyatupa ng'ambo ya uzio, kwa ng'ombe?

Usithubutu. Hili ndilo swali pekee hapa linaloweza kukutia matatani siku hiyo hiyo. Taxus baccata ina sumu karibu kila sehemu, na matawi yaliyokatwa yanabaki na sumu hata yakikauka. Konzi chache zinaua farasi; ng'ombe nao wamekufa kwa lundo lililotupwa na mtunza bustani aliyedhani anawafanyia wema. Bustani nyingi za majumba hapa zimetenganishwa na malisho kwa mtaro wenye ukuta upande mmoja, ambao kutoka dirishani hauuoni kabisa, ili ng'ombe waonekane kana kwamba wamo bustanini. Mandhari ni mazuri, lakini lundo likiporomokea mtaroni, wanalifikia. Tandika turubai kabla ya kukata, hesabu marundo, yapeleke kwenye mboji iliyozungushiwa uzio.

## Jalidi

17. Ni kweli mnavalisha migomba?

Kweli. Huu ni Musa basjoo, mgomba wa Asia ya mashariki unaostahimili baridi kuliko wenzake. Ndizi zake haziliki, zimejaa mbegu. Tunaupanda kwa ajili ya majani tu. Jalidi ya kwanza inayageuza meusi usiku mmoja. Kesho yake tunakata majani yote, tunabakiza shina, tunazungushia wavu wa kuku na kujaza mabua makavu ya ngano hadi juu, kisha kifuniko mvua isiingie.

Mwaka juzi nilikuwa na kijana wa Bukoba. Alisimama akatazama tunavyofunga kamba, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, tunauzika?" Nikamwambia tunaulaza. Akacheka hadi akakaa chini, akapiga picha akamtumia bibi yake. Jibu la bibi alikataa kunisomea.

18. Na ule mwekundu mkubwa, na dahlia?

Mwekundu ni Ensete ventricosum, na huo ni wa kwetu. Asili yake ni milima ya mashariki ya Afrika, Tanzania ikiwamo, na Ethiopia ni chakula cha mamilioni. Jalidi haiwezi hata kidogo, kwa hiyo ng'oa kabla, usisubiri. Kata majani ya nje, kung'uta udongo, usimamishe kichwa chini siku chache maji yatoke, ufunge kwa karatasi na uuweke pakavu pasipoganda. Mkubwa unabebwa na watu wanne, na maji yake yataishia kwenye mgongo wa aliyesimama chini.

Dahlia, ambayo ni ya Mexico, ni kinyume: subiri jalidi iyaue majani kwanza. Kata mabua yabaki sentimita 15, chimbua viazi kwa uma kutoka mbali, funga kibao cha jina kabla ya kufanya jingine lolote, geuza kichwa chini wiki mbili au tatu, kisha kwenye maboksi yenye mchanga mkavu. Usipofunga kibao, Mei utapanda bahati nasibu.

19. Vyungu na mabomba?

Maji yakiganda yanatanuka. Vyungu vya udongo viingie ndani au viinuliwe juu ya matofali. Mabomba ya nje yafungwe kwa ndani, yamwagwe, koki iachwe wazi.

## Yasiyo ya kila siku

20. Kwa nini nimekatazwa kupitisha trekta chini ya mwaloni mvua ikinyesha?

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 dhoruba iliangusha miti kama milioni 15 kusini mwa Uingereza. Bustani ya Kew, London, ilipoteza 700. Mmoja haukuanguka: mwaloni uitwao wa Turner, uliopandwa 1798, ulinyanyuliwa na upepo, mizizi na udongo wake, kisha ukakaa tena chini. Ulikuwa umedhoofika kwa miaka, na kwa kuwa kulikuwa na mamia ya kushughulikia, waliutegemeza wakauacha wa mwisho. Miaka mitatu baadaye ukawa na afya kuliko kabla ya dhoruba.

Kilichokuwa kikiuua ni miguu ya wageni. Miaka mingi ya kukanyagwa iliukaza udongo hadi mizizi ikakosa hewa, na dhoruba iliutifua kwa sekunde chache. Tangu hapo Kew hutifua udongo wa miti yao mizee kwa kupuliza hewa ardhini. Trekta juu ya udongo uliolowa inafanya kwa mchana mmoja kile miguu ilichofanya kwa miaka. Zunguka.

21. Uyoga umeota chini ya mti. Nimwambie nani?

Mwingi hauna neno na ni dalili ya udongo hai. Unaopaswa kukutia wasiwasi ni wa rangi ya asali, unaoota kwa vishada kwenye shina au kisiki: Armillaria. Bandua gome kidogo chini. Ukikuta utando mweupe unaonuka uyoga, na ardhini nyuzi nyeusi kama kamba za viatu, mwite msimamizi leo hii. Dawa hakuna. Kisiki na mizizi hung'olewa, na hapo hapandwi mti kwa muda. Na usile uyoga wowote wa bustani kwa kufananisha na wa kwenu.

22. Tunaweza kuchoma matawi?

Ukiruhusiwa, na moshi usiende barabarani wala kwa majirani. Lundo lililokaa zaidi ya siku moja lihamishwe kabla ya kuwashwa, tawi kwa tawi, kwa sababu kalunguyeye hutafuta marundo kama hayo alale hadi majira ya kuchipua. Tahadhari zaidi tarehe 5 Novemba, nchi nzima inapowasha mioto ya sherehe.

23. Mti umeinama vibaya baada ya upepo. Niukate?

Si wewe, na si leo. Msumeno wa injini unahitaji mtu mwenye cheti. Miti mingi ya majumba haya ina amri ya ulinzi ya halmashauri, au ipo katika eneo la hifadhi ambapo notisi ya wiki sita hutolewa kabla ya kukata. Hatari ya papo hapo ina utaratibu wake, na hata hapo hupigwa picha kwanza kama ushahidi. Kazi yako ni kuzungushia kamba, umbali wa zaidi ya urefu wa mti, na kumzuia mtu wa kwanza atakayetaka kupita kwa sababu "ni dakika moja tu".

24. Mvua siku ya tatu, udongo unanata kwenye buti. Turudi nyumbani?

Udongo ukinata kwenye buti, usiingie kwenye matuta. Sababu ni ile ya swali la 20. Kupanda kwenye maji au kwenye ardhi iliyoganda pia hakuna, miche ibaki kwenye mfereji wake (swali la 7). Lakini banda lina kazi. Osha vioo, maana mwanga wa Desemba ni karibu saa 8 tu kwa siku na kila utepe wa kijani kwenye kioo unaupunguza. Noa mikasi. Paka mipini mafuta ya kitani. Andika upya vibao vilivyofutika.

Kisha fungua maboksi ya dahlia, yote, moja moja, na uyanuse kabla ya kuyaangalia. Kiazi kimoja kilichooza kina harufu tamu kidogo, kama embe lililosahauliwa kwenye mfuko wa daladala. Kitoe, kata sehemu laini hadi ufike nyama nyeupe, paka unga wa salfa, kitenge na wenzake. Mwezi ujao, nusa tena.